Machweo ya Namanga na Uso wa Koko

Kucha na kuchwa ni vitenzi vinavyotengwa na sauti moja tu, ilhali baina yao mna siku nzima. Mswahili huhesabu saa zake kwa jua: saa kumi na mbili za jioni zikishatimia, hesabu huanza upya, na usiku huwa na saa yake ya kwanza. Si ajabu, basi, kwamba watu wengi hupenda kulipiga jua picha wakati linapoaga. La ajabu ni kwamba picha hizo hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mzaliwa wa Namanga, aliligundua hilo Agosti 2006 alipokwenda Unguja katika ziara ya masomo, akiwa na kamera ya kuazima. Katika fuo za Mombasa zinazoelekea bahari kuu, jua huchomoza majini na kutua nyuma ya minazi. Anayetaka kuliona likizama baharini hana budi kutafuta ufuo unaotazama magharibi, mithili ya Forodhani katika Mji Mkongwe. Jioni ya kwanza alipiga picha arubaini. Zote zilikuwa na jua katikati, na mstari wa upeo wa macho ukiigawa kila picha nusu kwa nusu kama kanga iliyokunjwa. Jua lililoijaza anga machoni pake lilikuwa dogo kama punje ya mtama ndani ya picha.

Jioni zilizofuata alijisahihisha. Mawingu yalipopendeza, aliushusha upeo ukaachia anga theluthi mbili. Mchanga mbichi ulipong'aa, aliupandisha. Alipiga magoti ili maji ya karibu yashike rangi. Wenzake walipoondoka mara tu baada ya jua kuzama, yeye alibaki, kwani katika nchi zilizo karibu na ikweta wekundu wa mawingu hukolea na kufifia katika muda wa dakika ishirini hivi. Zaidi ya yote, alisubiri kitu cha kuikalia picha. Jioni ya mwisho akampata mvuvi akiivuta ngalawa yake, mweusi tititi mbele ya anga nyekundu. Picha hiyo ilisifiwa na msafara mzima.

Alirejea nyumbani kwa njia ya Dar es Salaam na Arusha. Pale mpakani Namanga, akina mama wa Kimaasai walikuwa wakiyakimbilia magari ya watalii, mikono imejaa shanga. Dukani paliuzwa postikadi za moran aliyeshika mkuki, mweusi kuanzia utosini hadi nyayoni, na jua kubwa jekundu nyuma yake. Mwanafunzi alitabasamu, maana alikwisha kuifahamu siri ya picha ile. Jioni hiyo alimwomba bibi yake, ambaye wajukuu wote humwita Koko, asimame juu ya kilima kidogo. Nyuma yake jua lilikuwa likiteremka kando ya Ol Doinyo Orok, Mlima Mweusi, ambao kilele chake hupita mita 2,500. Mkao ulikuwa barabara. Hata mgongo uliopinda na fimbo vilionekana wazi. Akamwonyesha Koko picha katika kioo kidogo cha kamera.

Koko aliitazama kwa muda mrefu. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Koko."

"Mimi nina uso. Huyu ameungua."

Mwanafunzi hakuwa na la kujibu. Picha pekee iliyouonyesha uso wa Koko ilikuwa ile ya kitambulisho, aliyopigwa akiwa amekodoa macho kwa hofu. Usiku huo akamkumbuka pia mvuvi wa Forodhani, ambaye hakumuuliza hata jina.

Kesho yake alilipa jua mgongo. Alimketisha Koko mlangoni, nyuso za bibi na nyumba zikiwa zimeelekea magharibi, naye akasimama baina yao na jua. Nuru ile ile iliyomfanya Koko kuwa mkaa sasa ilimpaka dhahabu. Iliingia katika kila kunjo la ngozi, ikazitenganisha shanga nyekundu na za buluu, ikaling'arisha hata vumbi lililokuwa likitimuliwa na mbuzi warejeao. Jua lenyewe halikuwamo, lakini hakuna ambaye angeitazama picha ile asijue ni saa ngapi.

Ilikuwa na kasoro moja. Jua likiwa chini mgongoni mwake, kivuli cha mpigapicha kilirefuka hadi miguuni mwa Koko. Mwanafunzi alitaka kusogea kando ili aipige upya. Koko akamzuia. "Kiache. Hicho ni wewe. Sasa tuko wawili."

Koko alifariki mwaka uliofuata. Familia ilipotafuta picha ya kuweka mbele ya waombolezaji, ile ya kilimani ilitolewa kwanza kwa sababu ya uzuri wake, kisha ikarudishwa bahashani kimya kimya. Iliyowekwa ni ile ya mlangoni, na kivuli chake hakikukatwa. Wazee waliopita mbele yake waliinama, wakautazama uso, wakamwita Koko kwa jina lake.