Nyimbo za Shule ya Vidudu

Kabla haijaitwa elimu ya awali, wengi wetu tuliijua kama shule ya vidudu, na kwetu Tanga ilikuwa banda la mabati lenye mikeka, harufu ya uji wa ulezi kwenye vikombe vya bati, na mwalimu aliyejifunga kanga kiunoni, asiye na kitabu hata kimoja cha kutugawia, lakini mwenye wimbo wa kila jambo: wa kunawa mikono, wa kuhesabu visoda, wa kupanga mstari, wa kuagana. Silabi tulizipigia makofi. Neno “mwalimu” tulilikata kwa makofi matatu kabla hatujaliona ubaoni, na Kiswahili kinaukubali sana mchezo huo, maana karibu kila silabi yake huishia na irabu. Mtoto anayeweza kulipiga neno makofi ameshaanza kulisoma.

Sasa mjukuu wangu ana miaka minne. Nyimbo zake zimo kwenye simu ya mama yake.

Ni nyimbo nzuri, nasema kweli. Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, lina katuni ya Akili and Me, ya binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na humo herufi na namba huimbwa kwa Kiswahili fasaha. Sera ya elimu ya 2014 ilifanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, watoto wakafurika madarasani. Mwalimu aliyezidiwa namna hiyo anahitaji kila msaada.

Ila simu haimsubiri mtoto. Tulipocheza ukuti, tukizunguka tumeshikana mikono, vumbi likitupanda hadi magotini, aliyechelewa kushika mdundo alisubiriwa, wimbo ukaanzwa upya, na yule mwenye haya aliyekuwa akinong’ona wiki nzima alifikiwa na zamu yake ya kuongoza, sisi tukamwitikia. Hapo ndipo tulipojifunza kusikilizana.

Mama wa mjukuu wangu simlaumu. Mimi nililelewa na ua mzima, wenye mashangazi na mabinti wa jirani; yeye ana chumba cha kupanga na jiko linalomngoja akirudi kazini magharibi. Jumamosi wakija kwangu, nawaita watoto wa mtaa, na mjukuu huwafundisha wimbo wa Akili. Wadogo wakishindwa, anawaanzishia tena.