Kiboko Aliyepwelewa

Mwaka jana baada ya TP nilirudi nyumbani Mbuchi na vitu viwili: kompyuta ya mtumba niliyoinunua kwa boom, na aibu ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Naanza na kompyuta, maana ndiyo iliyokuja kunifungua mdomo.

Tunaosoma ualimu tunajua tunavyochukuliwa hapa chuoni. Ukimwambia mtu unasoma ualimu anakupa pole, kama vile umemwambia umefiwa. Chumba cha jirani yangu hosteli wanakaa jamaa wa kompyuta, na kila nikipita mlangoni kwao nasikia mazungumzo ambayo sielewi hata nusu. Roho ikaniuma. Nikaanza kujifunza Python mwenyewe, usiku, kwa bando la usiku. Nikajiwekea lengo moja: kabla likizo ndefu haijaisha niwe nimetengeneza Pac-Man yangu.

Kwa asiyeijua, Pac-Man ni mchezo wa Kijapani uliotoka mwaka 1980. Aliyeubuni, Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, alikuwa na miaka 25 tu, yaani mitatu zaidi yangu. Kuna duara la njano lenye mdomo. Linapita kwenye vichochoro likila nukta, huku mizimu minne ikilifukuza. Ukila nukta moja kubwa, mambo yanageuka: mizimu inakukimbia wewe. Ni hayo tu, na dunia nzima ikaucheza.

Kilichonivutia ni ile mizimu. Ukiicheza unahisi ina akili na imekupangia njama. Kumbe hakuna hata mmoja unaofikiri. Kila mmoja una kanuni yake. Mwekundu unalenga pale ulipo. Wa waridi unalenga miraba minne mbele yako, ndiyo maana unakukatia njia. Wa bluu unapima kwa kuangalia ulipo wewe na ulipo mwekundu. Wa rangi ya chungwa unakufukuza, lakini ukifika karibu yako, ndani ya miraba minane, unaghairi na kurudi kwenye kona yake. Kanuni nne fupi, na mtu anatoka jasho.

Hata makosa ya mchezo ule yana kanuni. Ukiwa unaelekea juu, mzimu wa waridi haulengi miraba minne mbele yako tu. Unasogea pia minne kushoto, kwa sababu ya hesabu iliyokosewa ndani ya programu. Wachezaji wazoefu wanalijua kosa hilo na wanalitumia kuukwepa.

Basi, nikiwa Mbuchi, nikaamua mchezo wangu usiwe na mizimu. Sisi ni watu wa delta ya Rufiji. Vichochoro tunavyo tayari: vijito vinavyopita katikati ya mikoko, kimoja kinaingia kwenye kingine, mgeni akiingia peke yake halali kwake. Duara la njano nikaligeuza mtumbwi. Nukta zikawa kambamiti. Mizimu ikawa viboko wanne. Na ile nukta kubwa ikawa debe, kwa sababu mtu mwenye shamba la mpunga kwetu anajua kwamba kiboko akija usiku, unapiga debe.

Umeme ulikuwa wa sola ya mjomba, na zamu ya kuchaji ilianza na simu za watu wazima. Nilipata kama saa mbili kwa siku. Wiki ya tatu mchezo ukatembea. Nikamwonyesha babu, ambaye amekuwa nahodha tangu mama yangu hajazaliwa. Akavaa miwani, akatazama muda mrefu.

"Mjukuu wangu, huu mto wa wapi?"

"Wa hapa hapa kwetu, babu."

"Sasa mbona haupwi?"

Nilicheka, lakini alikuwa na haki. Kwetu njia haikai njia siku nzima. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kijito ulichopita asubuhi ukielea, mchana ni tope tupu. Babu akakaa nami jioni mbili akinitajia kipi kinakauka mwanzo na kipi kinabaki na maji hata wakati wa bamvua. Nikakipa kila kijito namba ya kina chake. Maji ya wastani nikayaita sifuri, yakijaa yanapanda mpaka 8, yakipwa yanashuka mpaka hasi 8. Maji yakishuka chini ya kina cha kijito, mraba ule unageuka ukuta.

Hapo ndipo mchezo ukafa. Kila maji yakipwa, dakika haiishi, programu inazima na kuniandikia kosa na namba ya mstari. Nilihangaika usiku tatu. Mwisho nikagundua kinachotokea: kiboko anakuwa ndani ya kijito, kijito kinakauka, pande zote nne zinakuwa ukuta. Programu inamwambia achague njia katika orodha isiyo na njia hata moja. Inakwama.

Binti wa mjomba, yuko kidato cha kwanza, alikuwa amekaa pembeni anasubiri zamu ya kucheza. Nikamweleza tatizo. Akaniangalia kwa huruma.

"Kaka, kiboko anapwelewaje? Si ana miguu? Anatoka, anatembea zake. Anayepwelewa ni mtumbwi."

Mtoto wa miaka kumi na minne! Nilikuwa nimempa kiboko kanuni ya mtumbwi. Kanuni yenyewe ilikuwa sahihi kabisa, ila nimeipeleka mahali si pake. Nikaandika mistari michache: maji yakipwa, kiboko aruhusiwe kupita kwenye tope mpaka kwenye maji ya karibu. Mtumbwi ubaki umekwama mpaka maji yajae. Mchezo ukapona, tena ukawa mgumu zaidi na mtamu zaidi.

Sasa nije kwenye ile aibu.

Kwenye TP nilifundisha Hisabati kidato cha kwanza. Siku moja mwanafunzi aliandika kwamba hasi 3 kutoa 4 ni 7. Nikaweka mkasi mwekundu mkubwa. Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Nikaliinua lile daftari darasa zima lione, nikasema, "Mwenzenu amevumbua hesabu mpya." Wakacheka. Nikacheka na mimi. Kuanzia siku ile mpaka naondoka, yule kijana hakuleta tena daftari. Nikimwita anasema amelisahau nyumbani. Mimi nilijua, na sikufanya kitu. Kwenye ripoti yangu niliandika kwamba wanafunzi hawana mwamko.

Usiku ule kiboko alipopona ndipo nilipokumbuka lile daftari. Kijana hakuwa amebahatisha. Mtu anayebahatisha hapati 7. Tulikuwa tumewaimbisha wiki nzima kwamba hasi na hasi ni chanya. Yeye akaziona alama mbili za kutoa, akaimba kama tulivyomfundisha. Ile ni kanuni ya kuzidisha, na aliipeleka kwenye kutoa. Alifanya kama mimi na kiboko wangu. Tofauti ni kwamba mimi kompyuta haikunichekesha mbele ya watu. Iliniambia mstari, ikakaa kimya ikinisubiri.

Kesho yake nikamwonyesha binti wa mjomba sehemu ya programu inayohesabu maji. Nikamuuliza: maji yako hasi 3, yakipwa tena kwa 4, yatafika wapi? Hakuchukua hata kalamu.

"Hasi 7. Mtumbwi hauendi popote."

Nikatoka nje kidogo. Jibu nilikuwa nalo tangu utoto wangu, nimekulia juu yake, na siku niliyolihitaji darasani nilishika kalamu nyekundu.

Sijabadilisha kozi. Wale jamaa wa chumba cha jirani wameucheza mchezo wangu, mmoja akaniambia nimepotea njia, ningesoma kompyuta. Nilifurahi, siwezi kukataa. Lakini TP ya pili inakuja, na ninayo kazi nimeibakiza huko. Shule sitachagua mimi, na yule kijana huenda nisimwone tena. Nitakaowakuta watakuwa na makosa yao. Safari hii, kabla ya mkasi, nitauliza: umefikaje hapa?

Mchezo bado haujakamilika. Kiboko wa nne wakati mwingine anazunguka kwenye kona bila sababu, na watoto wa Mbuchi wameshajua pa kujificha. Mwenye kuutaka aje na flashi. Ukikutana na kosa usiniambie tu kwamba mchezo ni mbovu. Niambie limetokea wapi, na ulikuwa unafanya nini kabla halijatokea.