Mdomo wa Mama

Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, mwanzoni mwa 1999, baada ya mauaji ya Makobola, kwetu Kongo. Tukapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 huko Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Kiswahili nilikiokota kwa wenzangu sokoni Baraka. Mama alikuwa na Kibembe chake na maneno machache ya kununulia chumvi. Basi zahanatini mimi ndiye nikawa mdomo wake.

Kwa malaria tulihudumiwa vizuri, na hilo nalisema kwa shukrani. Siku zile ulikuwa unachomwa kidole, damu inapakwa kwenye kioo, unarudi nyumbani na vidonge ndani ya bahasha ya kaki iliyochorwa jua na mwezi, ili asiyejua kusoma ajue cha asubuhi na cha usiku. Ugonjwa ukizidi uwezo wa kambi, unaandikiwa rufaa ya Kasulu au Maweni, Kigoma, na kusubiri kibali, maana mkimbizi hatoki kambini bila kibali.

Ugonjwa wa mama haukuonekana kwenye kioo. Alikuwa hapati usingizi. Mbwa akibweka, keshasimama ukutani. Alifua nguo zetu, akazianika, akazianua zingali mbichi, akazifunga kwenye kitenge tayari kwa kukimbia. Jioni nikizifungua zilikuwa zimeanza kunuka uvundo.

“Muulize mama, ilianza lini?” tabibu aliniambia.

Mama alinitazama kwa muda mrefu. Akasema kichwa kinamuuma. Nami nikasema kichwa kinamuuma. Tukapewa Panadol, na tuliporudi tena ikawa hivyo hivyo. Tabibu hakuwa mtu mbaya, na foleni nje ilifika barabarani. Lakini ni mzazi gani angeyapitisha mambo ya Makobola kinywani mwa mwanawe?

Aliyetuokoa alikuwa mama mmoja wa kwetu Fizi, mkimbizi kama sisi, aliyepita nyumba kwa nyumba kama mhudumu wa afya wa jamii. Alikiona kile kitenge kilichofungwa, wala hakukiulizia.

“Baba, nenda ukacheze,” aliniambia.

Walikaa nyuma ya nyumba wakimenya mihogo, wakiongea Kibembe, mpaka jua likazama. Tangu hapo yeye ndiye aliyefuatana na mama zahanatini, mimi nikaenda shule. Mama akaandikiwa dawa nyingine, akawa anakaa na wanawake wenzake waliopitia yale yale. Usingizi ulirudi polepole sana. Mambo aliyoyasema siku ile sijayajua hadi leo, na nafurahi kwamba sikuwa mimi wa kuyatamka.

Watu wengi waliopita Nyarugusu sasa wako Marekani. Huko, tangu 2016, kanuni zinazozibana hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinakataza kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Hata hivyo bado napigiwa simu na ndugu: kesho tunampeleka bibi kliniki, mtoto atatutafsiria. Nawaambia mtoto aende shule. Ombeni mkalimani mtu mzima, hata wa kwenye simu, hamlipi kitu. Na kama bibi amepitia vita, ombeni mkalimani mwanamke.