Kwa Mpwa Wangu Anayetaka Kwenda Limuru

Freretown, Mombasa

Mpwa wangu mpenzi,

Picha za kijitabu cha chuo ulizonitumia kwa WhatsApp zimefika, hata ile ambayo kidole chako kimefunika ada. Nimeona umezungushia wino programu tatu: BD (Bachelor of Divinity), BA ya theolojia, na diploma. Halafu umeniuliza ipi ni bora. Babako naye kanipigia jana usiku, kauliza ipi ina kazi. Lake nitalijibu baadaye, kwa sababu wewe ndiye uliyeandika kwanza.

Tuanze na alama. Umepata C. Kuingia shahada moja kwa moja hapa Kenya ni C+ kwenye KCSE, na sharti hilo si la kanisa. Chuo Kikuu cha St Paul's pale Limuru kiko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu sawa na Chuo Kikuu cha Nairobi au Moi, hata kama kina kanisa katikati ya uwanja na kengele ya ibada. Kwa hiyo BD na BA ziweke kando kwa sasa. Diploma, ambayo kwa kawaida huanzia C-, utaingia bila kumbembeleza mtu. Ukiimaliza kwa alama nzuri utaomba shahada, na baadhi ya masomo yanaweza kuhesabiwa usiyarudie. Waulize ofisi ya usajili ni masomo gani, na uwaulize kwa maandishi. Ahadi ya simu hupotea karani akihamishwa dawati.

Binamu yako anasema kuna chuo mtaani kinachotoa digrii kwa mtu wa D, miaka miwili tu, na mahafali hotelini. Navijua vyuo hivyo. Mabango yao yamebandikwa kwenye nguzo za stima kuanzia hapa Kisauni hadi Bamburi, na baadhi yao wanatunuku hata udaktari kwa ada ya jioni moja. Kabla ya kulipa shilingi, tafuta jina la chuo katika orodha ya Tume. Kama halimo, hata wakikupa joho la zambarau usiende.

Sasa hizo programu zenyewe. BD ni ya mtu anayeandaliwa kwa huduma: Agano la Kale na Jipya, Kigiriki na Kiebrania, historia ya Kanisa, mafundisho ya imani, maadili, kuhubiri, liturgia, kutembelea wagonjwa, na muda wa kufanya kazi katika parishi chini ya kasisi anayekuandikia ripoti. BA inakupa sehemu kubwa ya elimu hiyo lakini inamfaa zaidi mwalimu au mtu wa mashirika. Ukienda Idara ya Falsafa na Dini pale Nairobi utasoma dini kama taaluma, Mwislamu na asiyeamini wakiwa dawati moja nawe, na hakuna atakayekuuliza habari za wito. Si vibaya, ni kazi nyingine. Wenye shahada ya fani tofauti, kwa mfano uhasibu, wao husoma Master of Divinity, kama ile ya Africa International University (AIU) kule Karen. Na kuna TEE, mafunzo ya theolojia nje ya chuo, ya vikundi vya jioni na Jumamosi, inayosomwa na walei walio kazini. Watu huidharau TEE. Baadhi ya wahubiri wazuri niliowahi kuwasikia, nikiwa mwalimu wa somo la dini (CRE) mwenye masikio makali, hawana kingine zaidi ya hiyo.

Diploma iko kati ya hizo, na usiione kama adhabu ya C yako. Wanaoanzia hapo hukutana na vitabu vilevile kwa mwendo unaowaruhusu kuvielewa.

Lakini jambo lililonikalisha chini kuandika ni hili: kwenye picha zote ulizonitumia hakuna ukurasa wa barua ya kanisa. Huenda uliuruka kwa kuwa hauna alama wala ada. Mpwa wangu, chuo cha theolojia kina milango miwili. Mmoja ni wa ofisi ya usajili, unafunguliwa kwa cheti. Wa pili ni wa dayosisi, nao haufunguliwi na cheti chochote. Unaweza kupita wa kwanza, ukalipa ada yako mwenyewe, ukamaliza, ukavaa joho, na bado usiwe shemasi wala kasisi, kwa sababu kuwekewa mikono ni uamuzi wa askofu, si wa profesa. Nawajua vijana waliofanya hivyo. Wamerudi nyumbani na vyeti safi, wanazunguka na bahasha, na kila kasisi mkuu anawauliza: nani alikutuma?

Njia ya kawaida kwetu Waanglikana inaanzia parishi. Kasisi wako anakufahamu, baraza la parishi linakujadili na kuandika katika kumbukumbu zake, kisha jina lako linapelekwa dayosisi, unaitwa mbele ya jopo. Pamoja na result slip na cheti cha kuacha shule watataka cheti cha ubatizo, cha kipaimara, ripoti ya daktari, cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, na maelezo yako mwenyewe ya wito. Hayo ya wito yaandike kwa kalamu yako. Nimekaa kwenye majopo hayo kama mlei na nakuhakikishia tunaijua mara moja barua iliyonakiliwa. Zote zinaanza na ndoto. Andika ulichofanya. Ile miaka ya KAYO, chama cha vijana wa kanisa letu, ulipokuwa mweka hazina na hesabu ikatimia hadi shilingi ya mwisho, iweke. Kule kumsomea Biblia bibi yako alipopofuka, kuweke pia, bila kupamba.

Swali linalowaangusha wengi si la Biblia. Mzee mmoja alikuwa akisubiri hadi mwisho, mtahiniwa akishaanza kufunga bahasha yake, ndipo amwulize: "Askofu akikuambia hapana, utafanya nini?" Aliyejibu haraka kwamba ataanzisha kanisa lake hakupita. Mmoja alinyamaza kidogo akasema ataumia, atarudi kufundisha Sunday school, na ataomba tena. Alipita.

Utaniona mkali, lakini sisi wa pwani tuna sababu. Shakahola si mbali nasi. Ni Kilifi hapo. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa wamwone Yesu. Baada ya hapo kila mtu alitaka wahubiri waonyeshe vyeti. Hoja hiyo si ngeni: mwaka 2016 serikali ilitaka kanuni za kuwalazimisha wahubiri wawe na elimu ya theolojia, makanisa yakapinga, zikaondolewa, na baada ya Shakahola kikaundwa kikosi kazi chini ya Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa baraza la makanisa, NCCK. Mimi siamini kwamba cheti peke yake kingewaokoa wale watu. Kinachomzuia mhubiri kupotea ni kuwa na wa kumwuliza. Darasani mwenzako Mpresbiteri wa PCEA anakukatalia tafsiri yako ya Ufunuo mbele ya wote, mwalimu anakurudishia insha imejaa wino mwekundu, na ukirudi parishi kuna askofu na baraza na akina mama wasiokuogopa. Ukichagua chuo, chagua penye watu wa namna hiyo.

Ndiyo sababu Limuru naipenda, pamoja na baridi yake. Si chuo cha Waanglikana pekee: Wapresbiteri, Wamethodisti na Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki wamo katika umiliki, na NCCK pia. Na usifikiri unakwenda ugenini. Mwanzo wake ni shule ya theolojia ya hapa hapa Freretown, katika kijiji ambacho wamishenari wa CMS walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na hati ya chuo kikuu ilipata mwaka 2007. Wazee wetu hawajakubali hadi leo kwamba walibaki na ile kengele ya Freretown tu.

Wakikwambia mambo ya jopo na kusubiri ni urasimu wa Wazungu, wakumbushe William Jones na Ishmael Semler. Waliokolewa utumwani wakiwa wadogo, wakalelewa India, wakaletwa Rabai mwaka 1864. Walifundisha, walihubiri, Jones akaishi na kanisa lililojaa watoro waliokimbia mabwana zao, na wakasubiri hadi 1885 ndipo Askofu Hannington alipowawekea mikono kuwa mashemasi. Miaka 21. Sisemi usubiri hivyo, na wala haikuwa haki. Mzungu kijana alikuja na ushemasi wake tayari melini. Lakini siku ile hapakuwa na mtu Rabai aliyehitaji kuuliza Jones ametumwa na nani.

Umeniuliza kama mwanamke atapata nafasi. Atapata. Askofu Henry Okullu alimwekea mikono Lucia Okuthe kule Maseno Kusini mwaka 1983, kanisa zima la Kenya likiwa bado halijakubaliana. Mwaka 2021 Emily Onyango, aliyekuwa akifundisha St Paul's hiyo hiyo, aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi Bondo, na mwaka huohuo Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Ila jiandae. Katika jopo moja nilimsikia mjumbe akimwuliza binti kama mumewe mtarajiwa atakubali ahamishwe. Wavulana watatu waliomtangulia hakuna aliyeulizwa habari za mke. Nilimwomba mwenyekiti swali waulizwe wote au lifutwe, likafutwa. Huenda siku yako hakuna shangazi mezani, basi ujue kwamba unaruhusiwa kujibu kwa utulivu: hilo mnawauliza wote?

Kigiriki usikiogope. Kinawatoa machozi wanaokiacha hadi wiki ya mtihani. Kata vikaratasi, neno mbele, maana nyuma, uvifunge kwa mpira na uvisome kwenye foleni ya chakula. Wewe uliyekua ukisikia Kiswahili, Kigiriama na Kiingereza nyumba moja, kitenzi kinachobadilika kichwa na mkia hakitakushangaza.

Na jambo moja usilipuuze. St Paul's wana masomo ya Uislamu na uhusiano wa Wakristo na Waislamu, hadi shahada ya uzamili, na kituo chake Eastleigh. Wenzako wengi kutoka bara hawajawahi kuishi ukuta kwa ukuta na msikiti. Wewe umeamshwa na adhana tangu utotoni na sikukuu ya Idi umekula kwa Mama Mwanaisha kabla hujala kwetu. Ukipewa nafasi ya kuchagua somo, chagua hilo. Dayosisi ya pwani inamhitaji kasisi wa namna hiyo kuliko anayejua kupiga gitaa.

Sasa babako. Mwambie hivi: kasisi hana mshahara wa kujengea ghorofa, na mara nyingine hata huo mdogo huchelewa. Diploma ya theolojia bila barua ya dayosisi haina kazi ya uhakika. Ikiwa na barua, kazi ipo, ila hutachagua iko wapi. Inaweza kuwa Ganze, maji kilomita kadhaa. Kama hilo linamtisha, ni afadhali aseme sasa kuliko baada ya kuuza ng'ombe. Na kile kikundi cha harambee alichofungua tayari WhatsApp, akifunge mpaka barua ipatikane. Tukishachanga, hakuna atakayekuwa na ujasiri wa kukuuliza kama kweli unataka.

Kuhusu makaratasi: cheti chako cha ubatizo nimekipata, lakini jina la pili limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye kitambulisho, na chuo kitakirudisha. Njoo Jumatano tukalirekebishe ofisini kwa parishi. Fika kabla ya saa nne, maana karani huenda benki na harudi. Ubebe kitambulisho halisi, si nakala, na maelezo ya wito hata kama hayajakamilika. Nitayasoma na kalamu nyekundu, ya zamani bado ninayo.

Nisalimie mamako na wadogo zako.

Ni mimi shangazi yako.