Paa la Gari Hupimwa Kwanza

Nilianza kazi ya sola kabla sijaona paneli. Katikati ya miaka ya tisini nyumba nyingi za Tuwan, huu mtaa wetu wa Kitale, hazikuwa na stima, na mwenye televisheni aliiwasha kwa betri ya gari. Betri ikizima ilifungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira, ikaletwa kibandani kwa mjomba wangu ichajiwe. Nilimwita khocha, kama mtoto yeyote wa Kibukusu anavyomwita ndugu ya mama, na wateja nao wakamzoea kwa jina hilo, hata Waturkana na Wakikuyu wasio na undugu naye wowote.

Khocha hakupokea betri bila mahojiano. "Mama, jana mmetazama mpaka saa ngapi? Taa ni ngapi? Redio je?" Majibu aliyaandika kwenye daftari la shule. Wateja walikereka, walileta betri ichajiwe, si kuhojiwa kama watu waliokamatwa. Lakini baada ya muda alijua betri ya nani imezeeka na ni nani anayemaliza chaji yote kwa mechi moja. Mimi kazi yangu ilikuwa kuongeza maji ya betri na kusugua vichwa vyake kwa msasa, mikono ikiwa na asidi na suruali ina matundu.

Paneli zilipoanza kuonekana madukani zilikuwa ndogo, za wati 12 au 14, za ile silikoni nyembamba inayopakwa juu ya kioo. Kenya haikuwa mgeni wa mambo haya. Mwaka 1984 mwalimu Mmarekani, Mark Hankins, pamoja na mhandisi Harold Burris, walifunga umeme wa jua katika shule ya sekondari ya Karamugi, upande wa Meru, na mafundi waliofunzwa huko wakaeneza ujuzi. Lakini ilipotufikia sisi, biashara ilikuwa imetoka mikononi mwa wahandisi ikaingia mikononi mwa wenye maduka, na mwenye duka huuza kilichoko kwenye rafu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizipima paneli za aina hiyo katika nyumba za Wakenya mwaka 1999 na kukuta kwamba aina moja ilitoa umeme pungufu kabisa kuliko ulioandikwa mgongoni. Huku Tuwan hatukuwa na vifaa vyao. Sisi tuliona televisheni ikizima kabla ya habari.

Kanuni za sola zilipotoka mwaka 2012, fundi akatakiwa kuwa na leseni, daraja T1, T2 au T3 kulingana na ukubwa wa kazi. Nilirudi darasani nikiwa na watoto wanaosoma shule, nikafanya mtihani, nikaipata. Khocha alikuwa ameshastaafu kwake Bungoma, akanicheka: karatasi ya kuniruhusu kufanya kazi ninayoifanya tangu utotoni.

Leseni ilikuja wakati biashara ya nyumba inaanza kufa. Kuanzia 2015 mradi wa Last Mile ulisimamisha nguzo za stima mpaka kwenye boma za ndani kabisa, na waliobaki gizani wakachukuliwa na kampuni za sola ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, kina M-Kopa. Nani tena angemwita fundi wa Tuwan apande juu ya mabati? Kilichoniokoa ni barabara. Kitale ndio mji mkubwa wa mwisho kabla ya Lodwar, karibu kilomita 300 mbele, na kila gari linalokwenda Turkana husimama hapa kujaza mafuta, kununua viazi na kurekebisha kilicholegea. Wengine huja kutoka Uganda kupitia mpaka wa Suam, wakizunguka mlima Elgon. Kulikuwa na pikapu za mapadri na magari ya kliniki za kuhamahama. Kisha wakaanza kuja wasafiri wenye magari ya kulala ndani: malori yaliyogeuzwa nyumba, Land Cruiser zenye hema juu, mabasi madogo yenye kitanda, jiko na friji.

Wa kwanza kunifundisha kitu walikuwa Mjerumani na mkewe. Walikuja na lori lao kutoka Suam, friji imezima na nyama imeharibika. Juu ya paa walikuwa wamegundisha paneli nyembamba zinazopindika, zile zinazosifiwa kwa uzito mdogo. Nilipopanda nikaona madoa ya kahawia kwenye seli. Paneli iliyogundishwa moja kwa moja kwenye bati haina hewa chini yake, na joto ni adui wa silikoni. Wati zinazoandikwa mgongoni hupimwa seli ikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi moja inayozidi hapo hula takriban asilimia 0.4. Kwenye paa la gari huko Lodwar seli hufika nyuzi 65 bila shida, kwa hiyo asilimia 16 imekwenda hata kabla hujawasha taa. Iliyogundishwa hupata joto zaidi ya hapo.

Lakini ugonjwa wao mkubwa haukuwa joto. Gurudumu la akiba lilikuwa limefungwa juu ya paa, na kivuli chake kiliangukia pembe ya paneli moja tangu asubuhi hadi karibu saa sita. Mzee alisema, "Ni pembe tu." Nikachukua paneli yangu ya wati 100 ya dukani, nikaiegemeza ukutani juani, nikaiunga kwenye betri na mita katikati. Mita ikasoma ampea tano na ushei. Nikamwambia mama aweke kiganja chake juu ya seli moja tu kati ya zile 36, akibane vizuri. Namba zikaporomoka hadi chini ya ampea moja. Akaondoa kiganja, tano. Akaweka tena, akaondoa tena, kama mtoto anayechezea swichi. Seli za paneli zimeungwa kwa mstari mmoja, na iliyo kivulini huwafungia njia wenzake wote. Mumewe alichukua spana, akapanda, akaanza kulifungua lile gurudumu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nikawa na utaratibu: paa kwanza. Mteja akiingia getini akiuliza bei ya paneli, mimi nabeba futi na ngazi. Keria iko wapi, antena iko wapi, kidirisha cha hewa kinafunguka upande gani, hema likifunguliwa linafunika nini? Nafasi iliyobaki ndiyo inayoamua, si mfuko.

Swali la pili ni lile la Khocha: usiku unatumia nini?

Mteja niliyefurahia zaidi kumhoji alikuwa mwalimu mstaafu wa Bungoma, aliyegeuza Hiace yake iliyopiga kazi ya matatu kuwa nyumba ya safari, ili awatembelee watoto wake walioolewa na kuajiriwa kila pembe ya nchi bila kumlazimu mtu yeyote kumtandikia kitanda. Alikuja na bei kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, zimeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni.

"Fundi, nimepata paneli ya wati 500. Kwa kila wati, bei yake ni nusu ya hizi zako ndogo. Nieleze kwa nini nisinunue."

"Mwalimu, kwanza nieleze wewe utatumia nini usiku."

Tukapiga hesabu kwenye bati la mlango kwa chaki. Friji ya volti 12 ilikuwa inavuta wati 45 ikinguruma, na hunguruma kama nusu ya muda: saa 12 kwa siku, yaani watisaa 540. Taa na simu, 100. Televisheni ndogo jioni, 70. Jumla 710. Akataka kuongeza birika la umeme la wati 1,500. Nikamwonyesha kwamba birika hilo kwa dakika kumi linakula 250, na kwamba kwenye betri ya volti 12 linavuta ampea 125, waya wa kubeba mzigo huo ni mnene kama kidole. Chai ikarudi kwenye gesi. (Kila mtu huanza na birika. Sijui birika lina nini.)

Paneli ya wati 100 haitoi 100 kutwa. Kwetu, siku nzuri ina kama saa tano za jua kamili. Ukitoa joto, vumbi na upotevu wa waya, unabaki na watisaa 350 hivi. Paneli mbili zingemfikisha 700, pua na mdomo. Kisha kuna Julai, wingu la Elgon linapotanda mji mzima, na hesabu hiyo inapungua vibaya. Kwa hiyo tatu.

Sasa ile ya 500. Ni paneli nzuri, sina ugomvi nayo, lakini ni ya paa la nyumba. Ina urefu wa zaidi ya mita mbili na upana wa mita moja na ushei, uzito kama kilo 25. Ingefunika kile kidirisha cha hewa, na kioo kipana namna ile juu ya bodi inayopinda kwenye mashimo sikiamini. Tena hutoa volti zaidi ya 40. Kontrola (kidhibiti cha chaji) rahisi aliyokuwa ameandikiwa ni ya PWM, ambayo huiburuta paneli mpaka ishuke kwenye volti za betri. Ampea 12 mara volti 13, umebaki na wati 156 kati ya 500 ulizolipia. Na hapo ni kama volti zile hazijaiunguza kontrola yenyewe. Ili uzipate wati zote unahitaji kontrola ya MPPT, na ukiiongeza bei yake, ule urahisi wa Luthuli unayeyuka. Tatu ndogo, zikiungwa sambamba, moja ikiingia kivulini nyingine mbili zinaendelea na kazi.

Mwalimu alitazama chaki muda mrefu. "Kwa hiyo nilikuwa nauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Mbuzi ni mzima, Mwalimu. Zizi lako ndilo dogo."

Tulikwenda kununua pamoja, nami nikabeba futi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko maneno ya muuzaji: jua kali la mchana huleta kama wati 1,000 kwa kila mita mraba, na paneli nzuri za madukani hugeuza kati ya asilimia 18 na 23 ya hizo kuwa umeme. Zidisha urefu kwa upana, kisha mara 200. Paneli ya mita moja kwa sentimita 67 ni ya wati 130 hivi, kwa hiyo 100 inaaminika. Duka moja lilikuwa na paneli ya ukubwa huohuo iliyoandikwa wati 250. Nikaizungusha, nikaipima, nikairudisha rafuni. Muuzaji hakuuliza kitu, alijua ninachopima.

Pale tuliponunua nilizitoa paneli nje saa sita, moja moja, nikapima volti na ampea nikilinganisha na kibandiko cha nyuma, tukaandikiwa risiti yenye namba za paneli zote tatu. Dhamana ya miaka 25 husikika vizuri, lakini uliza pia duka lina miaka mingapi.

Kufunga kulikwenda haraka. Zililala bapa: Kitale iko nyuzi moja tu kaskazini mwa ikweta, jua la mchana liko utosini au karibu, na zile stendi za kuinamisha paneli wanazokuja nazo Wazungu hapa ni mzigo wa kushika upepo. Chini yake niliacha nafasi ya vidole viwili hewa ipite. Nati za kujikaza, kwa sababu barabara hulegeza kila kitu. Waya wa milimita sita badala ya ule wa nyumbani wa mbili na nusu, ambao kwa umbali wa mita tano na ampea 18 ungepoteza zaidi ya volti moja njiani. Fyuzi karibu na betri. Betri yenyewe alichagua ya lithiamu ya ampea-saa 100, ghali, lakini ya risasi hupaswi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo angehitaji mbili, na Hiace ile ilikuwa tayari imejaa vitabu.

Siku hizi vijana wawili ninaowafunza ndio wanaopanda, mimi magoti yanalalamika. Kazi ya magari imekuwa zaidi ya nusu ya kazi yetu, na wenyeji wenye Hiace na Noah wanaanza kuwa wengi kuliko wageni. Bado wengi huja paneli ikiwa imeshanunuliwa, na hapo fundi anabaki kutafuta pa kuibandika. Njoo na gari kabla ya kununua. Kupima paa hatutozi pesa. Na kwa fundi yeyote utakayemchagua, awe wa Tuwan, Kanduyi au Nairobi, mwombe akuonyeshe leseni yake ya EPRA, mamlaka ya nishati, kabla hajatoboa bati lako.