Herufi 2,000 za Shosho

Kenya, KCSE ikikuendea vizuri, KUCCPS inaweza kukuingiza udaktari ukitoka tu sekondari. Huku Marekani unamaliza digrii kwanza, unafanya mtihani wa MCAT, unatuma fomu moja kuu na insha yake. Halafu Julai, ukidhani umepumua, kila chuo kinakuletea maswali yake. Na ada yake. Mimi niliomba vyuo 14. Hizo dola sizijumlishi.

Maswali yanafanana. Kwa nini chuo chetu? (Kimoja nilikitumia insha yenye jina la kingine. Hiyo tuiache.) Halafu lile lenyewe: tueleze wakati mgumu uliopitia. Herufi 2,000, na hata nafasi kati ya maneno inahesabiwa.

Nilijua nitaandika kuhusu nani. Shosho alifariki nikiwa darasa la saba. Kisukari, kidonda mguuni, akachelewa kufika hospitali kwa sababu hatukuwa na nauli. Insha ilijiandika yenyewe. Nikiisoma nilikuwa nalia, nikasema hii imeiva.

Kitu kimoja tu sikukumbuka, kwa hivyo nikampigia anti. Saa nne usiku Minneapolis, kwake saa kumi na mbili asubuhi, nasikia sufuria ya chai.

"Anti, shosho alikaa na kile kidonda siku ngapi?"

"Za nini, mami?"

Nikamsomea, nikitafsiri. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Nauli ilikuwepo," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nayo mkononi. Alikataa kwenda."

"Alikataa kwa nini?"

"Mara ya mwisho daktari alimgombeza mbele ya watu. Eti mama mzima hujui kuosha mguu. Akaapa harudi. Wewe ulikuwa mtoto, tulikwambia ni pesa."

Nilikaa na hiyo simu mkononi. Miaka kumi nimekuwa nikisimulia ile nauli, hata kwenye insha ya kwanza iliyokwisha kwenda vyuo vyote 14. Ile haiwezi kurudi.

Hii nilifuta yote, nikaanza na mwanamke anayejua vizuri sana kuosha mguu. Nilipomaliza ilikuwa karibu alfajiri na herufi zilikuwa 2,212. Nikaanza kupunguza. Ya kwanza kutoka ilikuwa ile sentensi ya kueleza nilichojifunza.