Tazama Mdomo

Kazi yangu ya kwanza ziwani haikuwa na malipo. Mjomba alikuwa akinishusha juu ya jabali moja kusini mwa Wampembe, asubuhi kabla upepo haujaamka, na kuniachia kazi ya kutazama samaki mpaka atakaporudi kutoka kwenye majarife yake. Maji ya Tanganyika yakitulia, unaiona kokoto iliyo chini mara tano ya kimo cha mtu. Jioni alinihoji. Nikianza kutaja wa njano, wa milia, mweusi mwenye mshipi mwekundu, alinikatisha: "Rangi nimeziona kabla hujazaliwa, mjomba. Niambie mdomo wake ulikuwa unafanya nini."

Nimefanya kazi ya samaki hai kwa miaka zaidi ya thelathini: kwanza mzamiaji, kisha mtunza matangi katika kituo cha kusafirisha samaki wa mapambo, na sasa fundi wa matangi makubwa ya kioo. Watu huniita nikawachagulie samaki watakaokaa pamoja. Bado naanzia pale pale juu ya jabali.

Jabali moja ni mtaa mzima. Kule juu kabisa, mawimbi yanapopasuka, wanakaa wadogo wenye tumbo bapa ambao wataalamu huwaita Eretmodus. Kifuko chao cha hewa ni hafifu, hivyo hawaelei ovyo. Hurukaruka juu ya mawe na kukwangua mwani kwa meno yaliyopangwa kama patasi. Chini yao kidogo kuna Tropheus, mdomo mpana ulioelekea chini, nao hulisha juu ya mwamba kutwa nzima kama mbuzi kilimani. Kwenye nyufa kuna Julidochromis, wembamba, wawili wawili, wanaoogelea tumbo likiwa limeelekea paa la pango. Juu ya mawe, kwenye maji ya wazi, huning'inia kundi la Cyprichromis, na kila mmoja akiona kidudu huchomoa mdomo kama mrija, hunyonya, kisha huurudisha. Mwamba ukiisha mchanga huanza, na hapo kuna wanaojaza mchanga kinywani na kuutoa kwenye matamvua, wakibakiza chakula tu. Na penye maganda ya konokono kuna samaki ambao nyumba yao, ulinzi wao na kitanda cha watoto wao ni ganda moja.

Nilipokuwa kijana nilidhani wote hawa wanapatana. Kumbe hawagombani kwa sababu hakuna anayekula sahani ya mwenzake, na wanaokula sahani moja hufukuzana tangu alfajiri hadi usiku. Anayefukuzwa ziwani ana pa kwenda. Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670. Kwenye tangi la mita mbili na nusu, anayefukuzwa hukuta kioo, hugeuka, na kumkuta adui yule yule.

Biashara ya samaki wa mapambo ilitutangulia kwa miaka mingi upande wa kaskazini. Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akisafirisha samaki hai kutoka Bujumbura tangu miaka ya 1970, na kitabu chake kikubwa cha mwaka 1989 nilikiona mara ya kwanza kwenye meza ya kituo nilichoajiriwa, kurasa zimevimba kwa unyevu. Nilishangaa kuona samaki tusiowala, waliokuwa wakitupwa wakinasa kwenye nyavu, wamepigwa picha kwa heshima kubwa vile. Nilishangaa zaidi kujua kwamba wanunuzi wa Ulaya na Marekani humtaja Tropheus kwa jina la ufuko wake: huyu wa Kasanga, huyu wa Kipili. Sababu ni hii: Tropheus haondoki kwenye mawe. Ghuba ya mchanga au mdomo wa mto kwake ni ukuta, hivyo kila ukanda wa mawe umelea rangi yake kwa vizazi visivyohesabika. Ukiwachanganya wa fuko mbili katika tangi moja wanazaana, na watoto hawatakuwa wa ufuko wowote. Mimi jambo hilo huniuma. Kilichojengwa na ziwa kwa muda mrefu namna ile, sisi tunakibomoa kwa msimu mmoja sebuleni.

Kazi ya kuzamia sitaieleza sana. Tulizungusha wavu wa matundu madogo kwenye jabali, tukawaswaga samaki taratibu kwa mikono, tukawatoa mmoja mmoja. Wagumu walikuwa frontosa, wale wa nundu kichwani na mistari myeusi. Mwaka 2003 wataalamu wa Kijapani waliwatenga wa kusini kuwa spishi yao, Cyphotilapia gibberosa, ila kazini jina limebaki frontosa. Wanaishi chini sana. Ukimpandisha haraka kutoka mita 30, hewa iliyo tumboni hutanuka na anafika juu amegeuka tumbo. Tuliwapandisha ndani ya vizimba, mita chache, tunasubiri, mita chache tena, siku kadhaa. Mwenye haraka alipoteza samaki, na mzamiaji mwenye haraka aliweza kupoteza miguu yake.

Nilipohamishiwa kwenye matangi nilijiona nimepanda cheo. Siku moja, kwa huruma yangu, niliona Tropheus wanapewa chakula kile kile kikavu cha mwani kila siku, nikasema leo wale vizuri. Nikatwanga dagaa, nikawamwagia. Walikula kwa fujo iliyonifurahisha. Niliwapa siku tatu. Siku ya tano walianza kujitenga pembeni, kinyesi cheupe kama uzi, matumbo yamefura. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa nimetoa arobaini na wawili waliokufa. Nilimpelekea mjomba mmoja wao. Alimpasua kwa kisu chake cha kazi, akaukunjua utumbo juu ya ubao wa mtumbwi. Ulikuwa kamba ndefu, ukimzidi samaki mwenyewe mara kadhaa, kama utumbo wa kila kiumbe kinachoishi kwa majani.

"Huyu ni mbuzi," akasema. "Umempa mbuzi nyama."

Sijawahi kuusahau ule utumbo. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza samaki fulani anakaa vizuri na nani, nauliza kwanza wanakula nini. Tangini chakula hakina mipaka. Kinachodondoka kwa ajili ya mmoja huliwa na wote. Ukimweka mla mwani pamoja na mla nyama, mmoja wao lazima aumie, hata kama hawajawahi kugusana pezi.

Kituoni kulikuwa pia na samaki tuliyemtafuta katika kila mzigo ili tumwondoe. Perissodus microlepis hali mwani wala hamezi samaki mwenzake. Hung'oa magamba kwenye ubavu wa wengine. Ukimweka kwenye usawa wa macho, uso kwa uso, utaona mdomo wake umepinda upande. Mtafiti Michio Hori wa Japani alionyesha mwaka 1993 kwamba wenye mdomo uliopindia kulia hushambulia ubavu wa kushoto, na wa kushoto hushambulia kulia, na kwamba upande mmoja ukizidi wingi, windo hujifunza kuulinda, basi wa upande wa pili hushiba zaidi na kuongezeka. Ziwa husawazisha hesabu. Tangi halisawazishi chochote. Akiingia mmoja tu, baada ya mwezi una samaki wenye vidonda.

Sasa nije Sumbawanga, kwa sababu tangi ninalolipenda kuliko yote niliyojenga liko huko.

Mwenye nyumba moja ya wageni, mzee wa makamo mwenye subira kidogo na moyo mkubwa, alikuwa ameona tangi la hoteli Dar es Salaam, akataka lake liwe la ziwa letu. Kioo kilikuwa tayari: mita mbili na nusu kwa sentimita 70 kwa 60, lita elfu moja na zaidi kidogo. Alinikaribisha chai, akanipa karatasi. Alitaka frontosa sita, Tropheus sita, Cyprichromis wa kuogelea juu, wale wa maganda ya konokono, na kuhe mmoja.

"Kuhe anafika sentimita 80, mzee," nikamwambia. "Huyo ni wa mezani."

"Basi muache kuhe. Waliobaki wanaenea?"

"Kuenea wanaenea, mzee. Sahani moja ndiyo haiwatoshi."

Nikamweleza polepole. Frontosa ni mpole kwa sura, lakini ziwani huamka gizani kabla ya jua na kuokota Cyprichromis waliolala. Mdomo ule unaweka samaki mzima ndani. Isitoshe anakula taratibu, anahitaji nyama ya kamba na samaki. Tropheus wangemaliza chakula chake kabla hajageuka, na chakula hicho hicho kingewaua. Wa maganda wangekaa chini bila kula kwa hofu. Nilimwambia achague: tangi la kina kirefu, la frontosa, lenye utulivu, au tangi la ufukoni, la wala mwani, lenye harakati. Alinyamaza muda. Mwenye tangi huumia pale anapokata jina kwenye karatasi, na nimejifunza kutomharakisha mtu hapo. Mwishowe binti yake, mwanafunzi wa sekondari, akasema anataka wasiotulia.

Basi Tropheus, ila sita hapana. Ukiweka sita, dume mwenye nguvu humchagua mnyonge mmoja na kumsakama mpaka afe, kisha humchagua mwingine. Niliwaletea ishirini na wanne, wote wa ufuko mmoja, wote wadogo waliokua pamoja, ili ghadhabu ya dume igawanyike na isimwangukie mmoja. Eretmodus niliwapa jozi moja tu, kwa kuwa jozi mbili wangegombea ncha ya jiwe. Kwa ajili ya usiku, Synodontis watano wadogo wenye madoa, wa aina ya petricola. Ndugu yake mkubwa, Synodontis multipunctatus, nilimkataa ingawa ni mzuri mno: hudondosha mayai yake katikati ya mayai ya samaki wanaoatamia mdomoni, mama hukusanya yote bila kujua, na vifaranga wa kambare yule huanguliwa mapema na kuwala watoto wa mwenyeji humo humo kinywani.

Uwanda wa Ufipa una baridi ambayo samaki wetu hawaijui. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, Sumbawanga karibu 1,800, na usiku wa Juni na Julai maji ya tangi hupoa upesi. Tuliweka vipasha joto viwili badala ya kimoja kikubwa, ili kimoja kikifa kingine kibaki, na blanketi nne za kulifunika tangi umeme ukikatika. Maji yenyewe niliyapitisha kwenye changarawe za chokaa mpaka pH ikapanda kuelekea ile ya ziwani, inayokaribia 9. Hapo ndipo nilipokuwa mkali kwa mzee: katika maji ya namna hiyo amonia ina sumu kali kuliko katika maji ya kawaida, kwa hiyo kichujio kilizunguka wiki sita kikiwa na samaki wanne tu wa muda, niliowatoa baadaye, bakteria wajijenge. Alinipigia simu kila Jumapili kuuliza tangi lake litajaa lini.

Safari ya kuwapandisha ilikuwa usiku. Sikuwalisha siku mbili, nikawafunga kwenye mifuko yenye maji kidogo na oksijeni, lakini sikuijaza hewa mifuko hiyo kama tulivyozoea kuipakia kwenye boti. Gari linapopanda ukingo kwenda Namanyere hewa ya mfuko hutanuka, na mfuko uliojaa huko chini unakaza kama ngoma kabla hujafika Chala. Walifika wote hai. Niliwaingiza jioni ile ile, wote kwa pamoja, taa zimezimwa, maana anayetangulia hulimiliki jiwe na anayefuata huitwa mgeni.

Mawe yalikuwa ya kwetu. Niliyapanga moja kwa moja juu ya sakafu ya kioo kabla ya mchanga, yasije yakaporomoka wakifukua chini yake, nikaacha mapango mengi yasiyo na kazi yoyote ila kumficha anayekimbizwa. Mzee aliona mapango mengi mno yamekaa bure. Nikiyakumbuka mawe hayo nalikumbuka jabali la mjomba: nalo limo ndani ya maji siku hizi, tangu ziwa lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, na Tropheus wanakwangua pale nilipokuwa nikikalia. Mjomba hakuwahi kuliona hilo.

Mwezi wa tano mzee alipiga simu usiku. Jike mmoja hali chakula siku ya tatu, amejitenga pembeni. Moyo ulinishuka, nikaona tena ule uzi mweupe na arobaini na wawili wangu. Alisema ameandaa ndoo amtoe, amtibu peke yake.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Tumbo limevimba?"

Simu ikachukuliwa na binti. "Tumbo halijavimba, baba. Ni hapa chini ya taya. Kama anatafuna kitu."

Nikamwomba amsimamie dakika nzima, atazame mdomo. Nilimsikia akipumua kwenye simu. Akasema unafunguka kidogo na kufunga, unafunguka na kufunga, na mara moja ameona ndani kitu cha rangi ya chungwa, kama punje.

Ni mayai, machache na makubwa, nikamwambia, na atayabeba mwezi mzima. Ndoo irudishwe. Ukimtoa katika kundi sasa, siku atakayorudi watamwona mgeni.

"Ahame wapi basi?" mzee akauliza kwa mbali.

"Yuko kwenye pango la kushoto," binti akamjibu. "Lile ulilosema limekaa bure."